Gari la Mbio Kwenye Tope la Hirbadaw

 

Mwezi wa nne nilikuwa nyumbani Hirbadaw, wilayani Hanang. Anayezijua njia za kutoka Katesh na Basotu kuelekea Haydom anajua mwezi wa nne ukoje kule. Udongo wetu wa mbugani ni mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuzamisha mguu wa mbuzi. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo unalainika, unanata, unazunguka pamoja na tairi mpaka tairi linabaki duara la tope lisilo na meno. Hapo hata dereva mzoefu huzima injini, akashuka, akatazama mbinguni kama kuna dalili ya jua.

Asubuhi moja tukasikia injini inanguruma bondeni, inanyamaza, inanguruma tena. Sisi tuliokulia kando ya barabara ya udongo tunaijua sauti hiyo. Hakuna anayeuliza, watu huchukua majembe wakateremka. Tulikuta gari refu jeusi, zuri kuliko gari lolote nililowahi kuliona pale, limekalia tumbo. Magurudumu yote manne yalikuwa yamejichimbia shimo na kuzama humo. Jina la kampuni iliyolitengeneza nitalihifadhi. Niseme tu kwamba ni kampuni iliyopata sifa duniani kwa magari ya mbio, yale mafupi ya watu wawili yanayokwenda yakiwa yamelala karibu na lami. Hili lilikuwa gari lake la juu.

Mwenye gari alikuwa mtu wa makamo, ametoka Dar es Salaam, suruali imelowa tope hadi magotini. Kiti cha nyuma alikaa mama yake, amejifunika shuka mbili, mgonjwa. Alikuwa amemchukua Katesh ampeleke hospitali ya Haydom, ile ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo kwa watu wa Hanang, Mbulu na hata wa upande wa Singida ndiyo tumaini la mwisho. Nilimwamkia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni wapi?"

"Hirbadaw, mama."

"Basi tumekaribia," akasema, akafumba macho.

Mzee mmoja jirani yetu akaleta trekta lake, Massey Ferguson la siku nyingi. Akashuka na mnyororo begani, akainama mbele ya lile gari, akatazama chini yake, akainuka. "Kijana," akamwambia mwenye gari, "pa kufunga mnyororo ni wapi?" Hapakuonekana. Chini kote kulikuwa kumefunikwa kwa plastiki laini. Mwenye gari akatoa kitabu cha maelekezo, akakisoma amesimama mvuani, karatasi zinalowa. Baada ya muda mrefu tukajua kwamba ndoano ya kuvutia imo ndani ya buti, chini ya zulia, kwenye mfuko mdogo. Nayo hukazwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofichwa nyuma ya kifuniko cha bampa. Aliyelibuni lile gari alijua kuna siku litavutwa. Akapaficha pa kuvutia, pasiharibu sura.

Tangu siku hiyo swali hili halijaniachia: je, kampuni ya magari ya kifahari ya mbio ina haki ya kutengeneza gari la juu, hili ambalo sisi Tanzania tunaliita shangingi?

Nilimpelekea swali fundi mmoja wa Katesh, mtu ambaye amefungua injini za kila aina tangu ujana wake. Alinijibu huku anafuta mikono. Mwacha asili ni mtumwa, alisema. Mwenye kisu cha kuchinjia akikitumia kulimia, hatakuwa na kisu wala jembe. Wao walipewa kipaji cha kutengeneza gari la kukimbia, wakae na kipaji chao; gari la shamba wawaachie wenye shamba. Maneno hayo wapenzi wa magari ya mbio wanayasema kote duniani, kwa lugha zao, na mara nyingi kwa hasira.

Namheshimu sana fundi yule. Lakini tukisema asili, tuifuate asili yenyewe mpaka mwisho wake.

Lamborghini. Ukilitaja jina hilo watu huona gari la njano lililolala chini kama mjusi, milango inafunguka kwenda juu. Ferruccio Lamborghini, mwenye jina, alizaliwa mwaka 1916 kwa wakulima wa zabibu katika kijiji cha Renazzo, kaskazini mwa Italia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa fundi wa magari ya jeshi. Vita vilipokwisha aliona wakulima wa kwao hawana mashine na jeshi limeacha injini na vyuma chungu nzima, akaviunganisha. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni, na kampuni hiyo ilikuwa ya matrekta. Magari ya mbio yalikuja mwaka 1963, miaka 15 baadaye. Na matrekta yenye jina la Lamborghini yanatengenezwa hata leo, ingawa na kampuni nyingine.

Porsche nayo. Ferdinand Porsche alichora trekta la mkulima wa kawaida kabla ya vita, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 matrekta mekundu yaliyoandikwa Porsche yalilima mashamba ya Ujerumani, zaidi ya 100,000. Na Aston Martin, gari la Waingereza linalopendwa na watengeneza filamu: herufi DB zilizoko kwenye majina ya magari yake ni za David Brown, aliyeinunua kampuni hiyo mwaka 1947 akiwa tayari ni mtengenezaji wa giaboksi na matrekta. Mwaka 2019 Aston Martin ilipoonyesha gari lake la kwanza la juu, ililiita DBX. Herufi za mtu wa matrekta zikarudi kwenye gari refu, na sijui ni wangapi kati ya wanaolinunua wanaozisoma hivyo.

Sisi tuliokua karibu na Basotu hatuwezi kulidharau neno trekta. Miaka ya 1970 na 1980 tambarare zile ziligeuzwa mashamba saba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Yakaja matrekta na makombaini ambayo watu hawakuwahi kuona ukubwa wake. Ndugu zetu Wabarbaig walipoteza malisho yao hapo, wakaenda hadi mahakamani kuyadai, na hayo yanastahili mazungumzo yake siku nyingine. Ninachotaka kusema leo ni kwamba mtoto wa Hanang aliijua mashine kabla ya kuijua lami. Alijifunza kuipima kwa kazi. Inavuta nini? Ikikwama inatokaje? Ikiharibika, spea inapatikana wapi? Rangi na muungurumo vilikuja baadaye.

Kwa hiyo ukiniambia Lamborghini imeiacha asili yake kwa kutengeneza gari la juu, nitakuuliza asili ipi. Gari lao la kwanza la namna hiyo halikuwa hata hili la sasa liitwalo Urus. Lilikuwa LM002, lililotoka mwaka 1986, kubwa kama lori dogo, likiwa na injini ya silinda 12 iliyotoka kwenye gari lao la mbio, na matairi ambayo Pirelli iliyatengeneza mahususi kwa ajili ya mchanga wa jangwani. Yalitengenezwa kama 300 tu hadi mwaka 1993. Lilikuwa gari la kiburi, lenye kiu ya mafuta isiyo na kifani. Hata hivyo aliyelitengeneza alifikiria mchanga kwanza.

Tuje sasa kwenye gari la mbio na barabara ya kwetu, maana ushahidi upo. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Na magari hayo hayakuwa marefu. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la chini la familia, ndugu wa zile teksi zilizobeba wazazi wetu. Joginder Singh, fundi Mkenya aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika. Tope halikuwauliza urefu wa gari.

Porsche waliitamani Safari kuliko watu wengi. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada, Mpolandi, akiwa na Porsche 911, alishika nafasi ya pili. Mwaka 1974 Björn Waldegård, Msweden, naye akawa wa pili, nyuma ya Joginder na kale ka-Mitsubishi Lancer kake. Mwaka 1978 kiwanda chenyewe kilileta magari mawili yaliyoinuliwa na kuimarishwa chini. Vic Preston Mdogo wa Kenya akawa wa pili, Waldegård wa nne. Mara tatu nafasi ya pili, na ushindi haukuja. Ukaja baadaye sana, kwenye Safari ya magari ya zamani: mwaka 2011 Waldegård huyo huyo, akiwa mzee, alishinda kwa Porsche 911, na mwaka 2015 Stig Blomqvist akarudia. Msikilizaji, hebu fikiri: gari la mbio la watu wawili, injini nyuma, likavuka Afrika Mashariki mpaka mwisho, tena likaongoza. Lilifanya hivyo kwa sababu watu waliinama chini yake wakiwa na swali moja, barabara hii itavunja nini, wakakiimarisha kimoja baada ya kingine. Kuliinua juu kulikuwa sehemu ndogo ya kazi.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema Porsche ilijichafua ilipotoa Cayenne, gari lake la juu, mwaka 2002. Kampuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa taabani, mauzo yameanguka, watu wanasubiri inunuliwe na wengine. Gari la juu lilisaidia sana kuifanya isimame imara. Mwaka 2020 Cayenne ya milioni moja ilitoka kiwandani. Mwaka 2022 Porsche iliuza magari 309,884. Cayenne zilikuwa 95,604, na 911, gari lile lile wapenzi waliloogopa kwamba litakufa, zilikuwa 40,410. Halikufa. Limelishwa na ndugu yake mrefu. Lamborghini ni vivyo hivyo: mwaka 2017, kabla ya Urus kuanza kuuzwa, iliuza magari 3,815, mwaka 2023 ikauza 10,112, na Urus zilikuwa 6,087. Anayesema wasitengeneze awaambie wafanyakazi wa kiwanda chake cha Sant'Agata wale nini.

Haki wanayo, basi, na biashara inawakubali. Lakini mimi nilisimama bondeni nikamwona yule mama amefumba macho kwenye kiti cha ngozi, na najua kuna deni ambalo halijalipwa.

Gari la juu halikubuniwa na watu wa lami. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Maurice Wilks aliifikiria akiwa shambani kwake, kisiwani Anglesey. Toyota ilianza yake mwaka 1951, na mwaka 1954 ikaiita Land Cruiser. Umbo lile, tumbo lililoinuka, bodi lililosimama, gurudumu kubwa, lilichongwa na mashamba, majangwa, misitu na milima. Sehemu kubwa ya sifa yake ilipatikana Afrika. Manesi wa chanjo, mapadri, maofisa kilimo, wapima ardhi, wote walifika kwetu kwa umbo hilo. Mtu aliyeko mjini akiliona anaamini bila kufikiri kwamba gari hili linafika. Imani hiyo imelipiwa na barabara kama ya Hirbadaw. Kampuni inapochukua umbo hilo, ikalitia ngozi na injini ya kuruka, inamuuzia mnunuzi imani hiyo pia, iwe imeandika au haijaandika kwenye karatasi za mauzo.

Nieleze kitu kimoja cha kifundi kwa utaratibu, maana ndicho kiini cha ninachosema. Wanaoendesha mkonga, ile Land Cruiser ngumu yenye bomba la hewa kando ya kioo, wanakijua kigingi kidogo kilicho karibu na gia. Ukikivuta, unaingiza gia nzito. Injini inazunguka sana, gurudumu linazunguka polepole, na nguvu yote inashuka kwenye tairi bila haraka. Tairi linalokwenda polepole linaushika udongo. Linalokwenda mbio linauchimba. Nguvu za farasi 500 kwenye tope la mbuga, bila gia nzito, ni majembe 500 ya kujichimbia kaburi. Hicho ndicho kilichotokea bondeni. Yule ndugu alikanyaga mafuta kama alivyozoea kwenye lami, na gari likamtii.

Cayenne ya kwanza ilikuwa na gia hiyo nzito. Wale mabwana wa Stuttgart, pengine kwa kukumbuka nafasi tatu za pili, walitengeneza gari la juu la kweli. Ilipokuja Cayenne ya pili mwaka 2010, gia ile iliondolewa. Gari likawa jepesi zaidi, linatumia mafuta pungufu, na kazi ya kukabiliana na njia mbaya ikaachiwa kompyuta na breki. Wateja walio wengi hawakuona tofauti. Hawakuwahi kukigusa kitufe chake. Kwa hesabu za biashara uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nami nasema hapo ndipo walipokosea. Waliacha umbo likaendelea kutoa ahadi baada ya kuking'oa kile kilichoitimiza.

Tangu hapo magari haya yamekuwa yakipimwa kwa vipimo vya ndugu zao wafupi. Mwaka 2021 Cayenne Turbo GT ilizunguka kiwanja cha Nürburgring, Ujerumani, kilomita 20 na zaidi za lami yenye kona, kwa dakika 7 na karibu sekunde 39. Ni kazi kubwa ya kihandisi, sina la kuikejeli. Ila gari refu linalosifiwa kwa kukaribia kasi ya gari fupi limeshasahau lilirefushwa kwa nini.

Ferrari wana msimamo ambao kwa namna fulani naukubali zaidi. Walikataa kwa miaka mingi. Mwezi Septemba 2022 wakatoa Purosangue, neno la Kiitaliano lenye maana ya damu safi: milango minne, silinda 12, nguvu za farasi 725. Wanakataa katakata kuliita gari la njia mbaya, na wakatangaza kwamba halitapita asilimia 20 ya magari yao. Angalau mnunuzi anajua hakuahidiwa tope. Hata hivyo, miaka ikipita na gari likibadili mikono, maneno ya kiwandani hayasafiri nalo. Linasafiri umbo.

Na hapa ndipo linapotuhusu sisi. Kuna msikilizaji ananiuliza moyoni: wewe wa Hirbadaw, mambo ya magari ya mamilioni ya mamilioni yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu yanakuja. Mnajua wenyewe tunakopata magari. Tajiri wa Japani au Uingereza hununua jipya, akalitumia, akaliuza, likapita mikono miwili mitatu, bei ikaporomoka, likapanda meli hadi bandari ya Dar es Salaam. Gari lililowahi kuuzwa bei ya ghorofa linakuwa ndani ya uwezo wa mfanyabiashara wa mahindi, mwalimu mkuu mwenye mkopo, kijana wa Katesh aliyefanikiwa mjini. Wanalinunua kwa heshima ya jina, na kwa kuamini umbo. Leo hii mitaani kuna magari ya aina hiyo yaliyosimama juu ya mawe kwa sababu springi zake za upepo zimetoboka na hakuna pesa ya kununua nyingine. Kinachoamuliwa Italia na Ujerumani mwaka huu kitatembea kwenye barabara ya Basotu miaka 15 ijayo. Sisi ndio wamiliki wa mwisho wa kila gari. Katika kikao cha kulibuni, sisi ndio hatumo.

Ningekuwamo, nisingewaambia waache. Ningewaambia watengeneze, na ningekuwa na maombi yangu.

Gia nzito irudi, hata kama mteja wa kwanza hataigusa kamwe. Atakuja wa nne ataigusa kila masika. Tairi la akiba liwe tairi, zima, la kipimo kile kile. Magari mengi ya kifahari siku hizi yanakuja na chupa ya povu la kuziba tundu. Jiwe la kwetu halitoboi tairi, linalichana ubavuni, na povu halizibi mpasuko wa urefu wa kidole. Tairi lenyewe liwe na mwili, siyo ile mikanda myembamba inayovishwa rimu kubwa mpaka kila shimo linafika kwenye chuma. Pa kufunga mnyororo paonekane, mbele na nyuma, pakiwa chuma kitupu, ili mzee wa trekta asihitaji kitabu. Na springi iweze kutolewa na fundi mwenye jeki na spana, ikawekwa ya kawaida, gari likaendelea na safari.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomzuia mtu wa Milano kukimbia. LM002 ilikuwa na mengi ya hayo miaka 40 iliyopita, na ilikuwa na injini ya mbio. Juzi tu, mwaka 2022, Porsche ilitoa 911 iliyoinuliwa, ikaiita Dakar, kwa kumbukumbu ya kushinda mbio za jangwani za Dakar mwaka 1984, zikatengenezwa 2,500. Lamborghini nayo ikatoa Huracán Sterrato, jina lenye maana ya barabara ya udongo, 1,499. Mnaona? Wanapotaka, wanajua. Wameitengenezea barabara ya udongo gari la watu wawili, kwa watu wachache watakaoliweka bandani. Gari lao refu la watu watano, linaloweza kumbeba mama mgonjwa, wamelipa lami.

Nimwambie pia fundi wangu wa Katesh, kama ananisikiliza jioni hii: mwalimu wangu, methali yako ni ya kweli, ila tumeikosea mahali pa kuitumia. Asili waliyoiacha watu hawa siyo mbio. Ni siku ile Ferruccio alipotoka nje akamwona jirani yake anahangaika na shamba, akaanza kutafuta vyuma.

Turudi bondeni, nisiwaache njiani.

Ndoano ilipopatikana, mzee alifunga mnyororo, akapanda trekta, akaingiza gia ya kwanza. Hakukanyaga mafuta kwa nguvu. Magurudumu makubwa ya nyuma yakazunguka taratibu, mnyororo ukakaza, plastiki ya mbele ikalia ikapasuka, na gari likatoka shimoni kwa sauti ya kunyonywa. Watu walishangilia. Mwenye gari aliinama akashika goti la mzee kwa shukrani, hakuweza kusema.

Kisha akauliza mbele kukoje. Tukamwambia ukweli: mbuga nyingine mbili kabla ya kupanda, na ya pili ni mbaya kuliko hii.

Alisimama kimya kitambo. Wakati huo ukapita mkonga wa watu wa mradi fulani wa maji, umekwenda umri, mlango mmoja wa rangi tofauti na mwingine. Dereva hakuhitaji kuombwa mara mbili. Tukamtoa mama kwenye kiti cha ngozi, vijana wawili wakamshika huku na huku, tukamweka mbele karibu na dereva, tukamrundikia shuka zake. Mwanawe akapanda nyuma, kwenye benchi la pembeni, pamoja na mapipa ya dawa ya maji na baiskeli ya mtu. Mkonga ukateremka mbugani ukiyumba, ukipunguza, ukipanda. Tuliusikia mpaka ulipofika ng'ambo.

Gari jeusi tulilisukuma hadi uani kwa mwenye duka. Lilikaa siku nne. Watoto walilizunguka wakijiangalia kwenye vioo vyake, wakafundishana kusoma maandishi ya nyuma. Siku ya tano jua lilikuwa limekausha njia, mwenyewe akarudi kwa bodaboda. Mama alikuwa amelazwa, amepata kitanda, anakunywa uji. Mwenye gari aliifuta plastiki iliyopasuka kwa kiganja, akatoa simu, akaniomba namba ya mzee wa trekta, maana wiki mbili baadaye angerudi kumchukua mama, na mvua ilikuwa bado.